Kurithi, Kupewa, Kustahili: Vitenzi Vitatu katika Ugomvi wa Midoriya na Mirio

Wapenzi wa manga ya My Hero Academia, ambayo Kohei Horikoshi aliichora katika jarida la Weekly Shōnen Jump tangu 2014 hadi 2024, wana ugomvi mmoja usiokwisha: nani alistahili kurithi One For All? Nguvu hiyo hupita kutoka kwa mtu hadi mtu, na kila anayeishika huiongezea yake. All Might, wa nane katika mstari huo, alimpa Izuku Midoriya, kijana aliyezaliwa bila uwezo wowote katika dunia ambamo watu wanane kwa kumi wanao. Lakini Sir Nighteye, msaidizi wake wa zamani, alikuwa amekwisha kumwandaa Mirio Togata, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, hodari kuliko wote shuleni.

Ugomvi huu nimeusikiliza mara nyingi hapa Kasapa, mpaka simu zinaisha chaji. Siku moja nikaacha kubishana, nikaanza kuandika vitenzi. Upande wa Mirio husema: «Mirio njo alipashwa kuipata.» Upande wa Midoriya hujibu: «All Might njo alimupatia, basi.» Kila upande huona umemjibu mwenzake. Mimi naona hawajajibizana hata kidogo.

Tuchukue Kiswahili sanifu, maana huko tofauti inaonekana wazi. Kitenzi «kupewa» kinambeba mtoaji ndani yake: tunasema «Midoriya alipewa nguvu na All Might», na hata tusipomtaja, msikilizaji anajua kuna aliyetoa. «Kurithi» hakina nafasi hiyo. «Midoriya alirithi nguvu na All Might» haimaanishi kwamba All Might ndiye aliyetoa. Labda kwamba wawili hao walirithi pamoja. Inabidi tuseme «kutoka kwa All Might». Tena tunasema «amerithi macho ya mama yake» bila kufikiri kwamba mama alikaa akachagua. Urithi unaweza kutokea bila mtu kutaka. One For All haiwezi: haipiti bila nia ya mwenye nayo, na ndiyo sababu adui mkubwa wa hadithi hii anashindwa kuinyang'anya.

«Kustahili» ni jambo jingine kabisa. Hakihitaji mtoaji, wala tendo la kutoa. «Mirio anastahili lakini hakupewa» ni sentensi safi. «Midoriya alipewa lakini hastahili» pia. Hakuna inayoipinga nyingine, zote zinaweza kuwa kweli siku moja. (Asili ya neno inachekesha kidogo. «Stahili» inatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na «ahali», yaani watu wa nyumbani; ndugu yake «stahiki» ndiyo yenye mzizi wa «haki». Anayesema Mirio anastahili kwa juhudi zake tu, bila ukoo, anatumia neno lenye ukoo ndani.)

Walunda wana kesi ya namna hii, ya zamani zaidi. Masimulizi yao yanasema Kinguri na Chinyama walimkuta baba yao akisuka mkeka, wakadhani maji meupe ya kulowekea nyuzi ni pombe, wakamtukana na kumpiga. Mzee akawanyima lukano, bangili ya ufalme, akampa binti yake Ruwej. Hoja ya Kinguri ni ya kurithi: mimi ni mtoto wa kiume wa nyumba hii. Hoja ya Ruwej ni ya kupewa. Lakini Ruwej aliolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka kwa Waluba, na lukano ikafika mkononi mwa mume huyo. Kwa mgeni, kurithi hakusemeki tena. Kumebaki kupewa peke yake. Hapo Kinguri akaondoka na watu wake kwenda magharibi. Lukano ikabaki, na Mwant Yav anayo hadi leo kule Musumba, katika teritware ya Kapanga.

Sisi wa Lubumbashi tuna kitenzi kingine kinachofaa zaidi kuliko vyote vitatu, ila hakimo katika Kiswahili: Kibemba kinasema «ukupyana», Kiluba cha Kasai «kupiana». Anayepyana hachukui mali tu. Anaingia katika nafasi ya aliyetangulia, pamoja na jina na undugu wake. Katika bonde la Luapula, chifu huweza kusema «mimi» akisimulia aliyoyafanya babu aliyemtangulia. Msomaji wa manga atakumbuka mara moja kwamba waliotangulia wanaishi ndani ya Midoriya na kusema naye. Tofauti ni kwamba kwetu kupyana hungoja kifo, na All Might angali hai, amekonda, anamtazama mrithi wake akivunjika mifupa.

Kuna ukurasa ambapo Mirio amepoteza uwezo wake wote, na Midoriya anamuuliza ingekuwaje kama angeweza kumpa wake. Mirio anakataa. Jioni tulipofika hapo, upande wake ulinyamaza. Kisha mmoja akasema polepole: «Njo maana alipashwa kuipata.»