Kuku Hutaga Mbolea Pia

Ukimwuliza mtu faida ya kuku atakuambia ni mayai na nyama, basi. Mimi nasema hiyo ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili iko pale chini, anapokanyaga kuku mwenyewe.

Sisi tuishio Kitengela twaujua udongo wetu, ule mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha huganda kwenye viatu mpaka mtu akarefuka. Kiangazi kikija hupasuka nyufa. Wengi husema ploti ya futi 50 kwa 100 haifai kitu ila nyumba na kamba ya kuanikia nguo, na sukuma wiki wainunue kila jioni. Lakini udongo huu si maskini kama wadhaniavyo. Shida yake ni kushikana mno hata hewa haipiti, na dawa yake ni mboji.

Sasa tupige hesabu. Kuku mmoja anayetaga hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hivi kwa siku. Kuku 12 basi ni zaidi ya kilo 400 kwa mwaka! Halafu mtu huyohuyo huvitupa vyote shimoni, akaenda dukani kununua mbolea ya mfuko.

Lakini tahadhari. Kinyesi kibichi huunguza mimea, manake kina nitrojeni kali, na tena kina viini vya kuharisha. Usikimwage kwenye mboga. Tandaza maranda ya seremala bandani yanyonye unyevu. Ukiingia na macho yakakuwasha, jua mbolea inapaa hewani, ongeza maranda. Majivu nayo yasiwe mengi, kwani huifukuza hiyo nitrojeni. (Nyanya yangu hakubali jambo hili mpaka leo.)

Rundo lijengwe kivulini: mabua ya mahindi chini, maranda yenye kinyesi juu yake, kisha maganda ya viazi na majani, kisha udongo kidogo, na kuendelea hivyo hivyo. Nyunyiza maji, funika, halafu chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe. Kikiwa na joto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, tia maji. Pindua rundo kila baada ya wiki 3. Miezi 3 hivi ikipita, mboji huwa nyeusi na hainuki tena.

Kuku wenyewe wasiingie bustanini ovyo, hawana adabu. Miche uliyopanda asubuhi saa nne imeshafukuliwa! Zungushia wavu, uwafungulie baada ya kuvuna tu, wale viwavi na mbegu za magugu. Chanjo ya kideri nayo ni lazima, wakifa wote hakuna mboji.

Kwetu pesa za mayai ndizo nauli yangu ya kuja shuleni, na mama hanunui sukuma tena. Matuta 3 tayari yanalimika hata kwa jembe la mtoto. La nne, lililo kando ya tangi, bado ni mfinyanzi mtupu, na rundo lake litaiva tukifunga shule.