Kumsaidia Mgonjwa wa Mapafu Kupumua Awapo Wodini

Vumbi la mwamba wa dhahabu litokalo mashimoni na kwenye makarasha ya Rwamgasa, Nyarugusu na Mwakitolyo, likivutwa kwa miaka mingi, huharibu mapafu yasipone tena. Moshi wa sigara na wa kuni huongeza madhara hayo.

Mgonjwa wa aina hii anapolazwa, muuguzi humketisha ameinama kidogo mbele, mikono ikiegemea mto, ili kifua kitanuke. Humwelekeza avute hewa kwa pua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye chai ya moto.

Oksijeni nayo ni dawa yenye kipimo. Kwa wengi wenye njia za hewa zilizoziba kwa muda mrefu, kiwango kinacholengwa katika damu ni asilimia 88 hadi 92. Ikizidi, hewa ya ukaa huweza kujaa mwilini na mgonjwa akapoteza fahamu. Hivyo, anayeuguza asiongeze oksijeni kwa huruma. Akiona mgonjwa anasinzia isivyo kawaida au anashindwa kumaliza sentensi, amwite muuguzi mara moja.

Aidha, mjulishe mhudumu iwapo mgonjwa aliwahi kufanya kazi mgodini. Vumbi hilo huongeza hatari ya kifua kikuu, na kifua kikuu kina tiba.