ASIYA: KWA KUSIKIA JINA MOJA, KWA KUANDIKA MAWILI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Ijumaa iliyopita baba mmoja alitusimamisha mlangoni mwa msikiti. Binti yake alipewa jina Asiya siku ya akika, na sasa jirani amemwambia: "Badilisha jina hilo, maana yake ni mwasi." Na neno mwasi, huku kwetu Kongo, hakuna mzazi anayetaka limguse mtoto wake.

Jirani hakusema uongo mtupu. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Ibn Umar, kwamba Umar (r.a.) alikuwa na binti aliyeitwa Aswiya, na Mtume (s.a.w.) akambadilishia, akamwita Jamila, yaani mzuri. Jina lile la kwanza huandikwa kwa aini na swadi. Linatokana na kuasi, nasi katika Kiswahili tumelichukua neno hilohilo: asi, mwasi, maasi.

Lakini tazama herufi vizuri. Asiya mwingine huandikwa kwa alifu na sini. Kwa Kiarabu mzizi wake ni kutibu jeraha na kumliwaza mwenye huzuni. Ndilo jina la mke wa Firauni. Kurani haimtaji kwa jina, yamo matendo yake. Katika Suratul Qasas, aya ya 9, anamtetea Musa mchanga asiuawe. Katika Suratut Tahrim, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amemfanya mfano kwa walioamini: alimwomba Mola wake amjengee nyumba Peponi na amwokoe na Firauni. Aliishi katika jumba la mfalme wa Misri, akaomba nyumba nyingine! Jina lenyewe tunalipata katika hadithi ya Bukhari na Muslim, pale Mtume (s.a.w.) alipomtaja pamoja na Mariamu binti Imrani kati ya wanawake waliokamilika.

Shida yetu ni herufi za kizungu. Aini na alifu zote zinakuwa a, swadi na sini zote zinakuwa s. Karani naye anaandika Assia, au Asia kama lile bara. Kwa hiyo, mzazi, siku ya akika mwombe mwalimu aliandike jina kwa Kiarabu kwenye karatasi, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Baba yule tulimuuliza alimkusudia nani. Akajibu: "Yule aliyemlea Musa." Tukamwandikia kwa sini, akaikunja karatasi, akaenda nyumbani.