Kufundisha Neno "Sundowner" katika Shule za Tandale

Mwalimu wa Kiingereza anapokutana na neno "sundowner" katika kitabu cha hadithi, au katika tangazo la hoteli, mara nyingi hulipita upesi. Hulitafsiri kuwa "kinywaji cha jioni", kisha huendelea na aya inayofuata. Sisi twaona kuwa neno la namna hii halifundishiki kwa tafsiri ya maneno mawili, kwa sababu si jina la kitu bali ni jina la desturi. Hapana budi desturi hiyo ilinganishwe na desturi ambayo mwanafunzi anaijua nyumbani kwake. Mifano yetu twaichukua Tandale, katika Wilaya ya Kinondoni, ambako tumewatazama wanachuo wakifanya mazoezi ya kufundisha katika kidato cha pili.

Jambo hili si dogo kwa vijana wa huko. Kutoka Tandale hadi hoteli za Msasani na Masaki si mbali, na wengi huenda kutafuta kazi za uhudumu na upishi huko. Mgeni akimwuliza mhudumu ni saa ngapi "sundowners" zitaanza, naye akadhani kwamba ameulizwa jua litatua saa ngapi, jibu lake laweza kuwa sahihi kabisa na lisimfae mgeni hata kidogo.

Tuanze na maana. Neno hili lina maana mbili zinazokaa pamoja. Kwanza ni kinywaji chenyewe, hasa chenye kileo, anywacho mtu jua linapotua. Pili ni mkusanyiko wa watu wanaokutana saa hiyo kunywa na kuzungumza kabla ya chakula cha usiku. Mwanafunzi asishangae neno moja kubeba kinywaji na mkutano, maana Kiswahili nacho hufanya hivyo. Mtu akisema "karibuni chai", haiti watu waje watazame majani ya chai. Kuna vitumbua, kuna mazungumzo. Wala haina haja kumfundisha mtoto wa Dar es Salaam kwamba "hela ya soda" si lazima inunue soda. Hapa mwalimu ana mtaji mkubwa, nao hauhitaji kutumia hata shilingi moja ya vifaa.

Ifahamike pia kwamba Australia, katika karne ya 19, neno hilo hilo lilimaanisha mtu wa kutangatanga aliyefika kwenye shamba la mifugo jua likizama, akaomba chakula na malazi wakati kazi za siku zimekwisha. Afrika, neno lilikaa kwenye bilauri. Kwa nini huku? Jibu moja, kwa maoni yetu, limo katika jua lenyewe. London, mwezi Juni jua hutua baada ya saa 3 usiku, na mwezi Desemba hutua kabla ya saa 10 jioni. Machweo hayawezi kuwa saa ya miadi huko. Dar es Salaam jua hutua kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni, takriban, mwaka mzima, na giza huingia haraka. Mtu aweza kualika wenzake "jua likitua" na wote wakafika kwa wakati.

Lakini jua si sababu pekee. Neno hili lilistawi katika klabu na varanda za walowezi na maofisa wa kikoloni. Muthaiga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1913, ni klabu mojawapo inayojulikana sana kwa maisha hayo. Mwafrika aliingia humo akibeba sinia. Mikataba ya Brussels ya mwaka 1890 na Saint-Germain ya mwaka 1919 ilizuia pombe kali za Ulaya zisiwafikie wenyeji wa sehemu kubwa ya Afrika, na sheria za makoloni zikaifuata. Basi mwanafunzi anayeliona neno hili katika hadithi za zama hizo aelezwe kwamba lilitaja pia mpaka: nani ameketi, na nani amesimama nyuma ya kiti.

Sasa tuje darasani. Njia iliyofaulu zaidi katika masomo tuliyoyatazama ilianza na kijiwe cha kahawa. Mwanachuo aliandika maswali ubaoni: Nani hualika? Watu hukutana saa ngapi? Hunywa nini na kula nini? Nani hulipa? Huondoka lini? Wanafunzi wakajibu kwanza kuhusu kahawa, na majibu yakafurika. Muuzaji huja na birika juu ya jiko la mkaa, huliwa kashata, haalikwi mtu, yeyote akipita akaketi ni mwenzao, kila mtu hujilipia, ila mwenye nazo siku hiyo huwanunulia wote, mazungumzo ni mpira, siasa na bei ya mahindi sokoni. Baada ya hapo walijibu maswali yale yale kuhusu "sundowner", wakisoma kifungu kifupi. Mmoja akasema, "Kumbe na wao wanakwenda kupiga soga, kinywaji ni kisingizio." Hakuna kamusi ingeweza kumfikisha hapo.

Katika Kiswahili, mwalimu asikimbilie "karamu", maana karamu ni mlo wa kushiba, wala "dhifa", ambayo ina uzito wa kitaifa. "Tafrija ya mchapalo" imekwisha kuzoeleka kwa "cocktail party", ambayo ni rasmi zaidi na aghalabu ina kadi za mwaliko. Tuliachie kazi yake. Kwa "sundowner" twapendelea "tafrija ya machweo". Wapo waliopendekeza "tafrija ya magharibi". Lugha yaikubali, lakini Tandale magharibi ni saa ya adhana, na kuliunganisha neno hilo na bilauri za pombe ni kuwaudhi watu bure.

Hilo latuleta kwenye pingamizi tuliloletewa na walimu kadhaa: je, yafaa kufundisha msamiati wa pombe kwa vijana, wengi wao Waislamu? Twaiheshimu hofu hiyo. Hata hivyo, kulijua neno si kukinywa kinywaji. Asiyejua kwamba "drinks" katika mwaliko wa Kiingereza mara nyingi ni pombe ndiye atakayefika mahali asipopenda kuwapo, na asiwe na maneno ya kujitoa.

Kwa hiyo zoezi la mwisho la somo liwe la kuzungumza wawili wawili. Mmoja awe mwenyeji, amwalike mwenzake kwa Kiingereza kwenye tafrija ya machweo. Mwingine akubali na kuomba maji ya machungwa au dafu, au akatae kwa adabu. Kisha wabadilishane nafasi. Dakika 15 zatosha, mradi mwalimu asiwakatize kusahihisha sarufi kabla hawajamaliza kualikana.