Mwalimu wa Uuguzi Ajipimapo

Mwalimu wa uuguzi hujipima mara nyingi kwa dodoso, akijipa alama 1 hadi 5 kwa kila stadi. Je, alama hizo hupima ustadi au kujiamini tu? Mwaka 1999 Kruger na Dunning, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu majaribio ya mantiki na sarufi. Walioshika mkia walijidhania wamewapita zaidi ya nusu ya wenzao. Dodoso, basi, lipewe shahidi. Mwalimu akishajipa alama ya kufundisha upimaji wa shinikizo la damu, wanafunzi wake wapime, mwalimu mwingine akisikiliza kwa stetoskopu hiyo hiyo yenye mirija ya watu wawili. Akikosea mmoja, huenda hakuzingatia. Wakikosea wengi namna moja, alama ya mwalimu ndiyo ya kusahihishwa.