Mama hajui Kiingereza, atapataje uraia?

Swali: Mama yangu, Mkongo wa miaka 58, ana grini kadi kwa miaka 16 sasa. Kiingereza kinamshinda. Je, jimbo letu la Illinois linaweza kumsaidia kupata uraia?

Jibu: Uraia wa Marekani hutolewa na serikali kuu tu. Lakini usikate tamaa, ndugu yangu: aliyetimiza miaka 55, na miaka 15 ya grini kadi, husamehewa mtihani wa Kiingereza. Maswali ya historia na serikali atajibu kwa Kiswahili, mkalimani akiwa kando. Jimbo humfikisha mlangoni: Illinois hugharamia vyama vya jamii viwasaidie wahamiaji kujaza fomu N-400 ya kuomba uraia na kujiandaa kwa usaili. Kila jimbo lingefaa kufanya hivyo, na madarasa ya maandalizi yawe jioni, watu wakishatoka kazini. Dalali anayejidai kuwasaidia na fomu msimpe hata senti. Tafuteni mwanasheria au mwakilishi aliyeidhinishwa.