Kuwasaidia Wanawake Wanaodai Haki: Funzo la Nchi ya Moroko

Ndugu zetu wasomaji, darasa letu la leo ni juu ya wanawake wa kawaida, wasio na cheo wala mali, wanaojikusanya wenyewe kudai haki zao. Vikundi vya namna hii viko katika kila upande wa dunia. Nasi tukisikia khabari zao huwa twatenda mojawapo ya mambo mawili: ama twawapuuza, tukasema kuwa hayo ni mambo ya kuigwa, ama twawaonea huruma, tukataka kuwasemea. Twaona kuwa njia zote mbili zina kosa. Ili jambo lifahamike, twatoa mfano wa wanawake Waislamu wenzetu wa nchi ya Moroko, ambayo Waarabu huiita Maghribi.

Katika nchi hiyo kuna ardhi nyingi sana, zikadiriwazo kufika kiasi cha hektari milioni 15, ambazo si milki ya mtu mmoja bali ni za kabila zima. Sheria ya mwaka 1919, iliyotolewa zama za utawala wa Kifaransa, iliziweka chini ya uangalizi wa serikali, na manaibu wa kila kabila wakawa ndio waandikao majina ya wenye kustahiki. Ada ya makabila mengi ilikuwa kuandika wanaume tu. Binti asiyeolewa, mwanamke aliyeachwa, na mjane asiye na mtoto wa kiume, wote hao hawakuwa na jina katika daftari.

Zamani dhara la ada hiyo halikudhihiri sana, kwa kuwa mwanamke alikula katika shamba la baba yake au la ndugu yake. Lakini miji ilipopanuka, ardhi hizo zilianza kuuzwa na kukodishwa, na mahali pa mavuno pakaja fedha na viwanja. Vikagawiwa walioandikwa. Ndugu mwanamume akapokea, na dada yake waliyezaliwa tumbo moja akatoka mikono mitupu. Wako waliotolewa katika ardhi waliyozaliwa, wakenda kukaa katika vibanda vya mabati kandokando ya mji.

Mwaka 2007 wanawake wa pande za Kenitra, mji ulio kaskazini ya Rabat, waliinuka. Waliiendea jumuiya ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1985 na iliyokuwa na ujuzi wa sheria, wakaieleza dhulma iliyowafika. Wakajulikana kwa jina la Sulaliyati, litokanalo na neno la Kiarabu sulala, yaani kizazi au nasaba. Jina hilo peke yake ni hoja: sisi nasi tu wa kizazi hiki, basi kwa nini tusiandikwe?

Hapa ndipo penye mazingatio. Jumuiya ile haikuwanyang'anya kisa chao. Iliwafunza sheria, na namna ya kusema na wakuu na waandishi wa magazeti. Iliwasaidia kupeleka mashtaka mahakamani. Na iliwakutanisha wanawake wa makabila mbalimbali wajue kuwa msiba wao ni mmoja. Lakini waliosimama mbele ya bunge mjini Rabat walikuwa ni wao wenyewe, na wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Walisema kwa ndimi zao.

Mwaka 2009 serikali iliamrisha wanawake wa Kenitra waingizwe katika mgao. Mwaka 2010 ukatoka waraka wa nchi nzima juu ya fidia, na mwaka 2012 mwingine juu ya manufaa ya ardhi yenyewe. Lakini waraka si sheria, na wako manaibu walioupa kisogo. Kwa hiyo wanawake hawakurudi nyumbani mpaka mwaka 2019, ilipopitishwa sheria nambari 62.17 inayotaja kuwa wanajamii, wanawake kwa wanaume, wana haki ya kunufaika na mali ya jamii yao. Ilikuwa ni safari ya miaka 12.

Huenda msomaji akauliza: je, wanawake hawa hawakupingana na dini? Twajibu: ardhi ya kabila si tirka ya maiti hata igawanywe kwa mafungu ya mirathi. Kilichowazuilia ni ada, wala si sharia. Na Qurani, katika Suratun Nisaa aya ya 7, imethibitisha kuwa mwanamke ana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi. Basi ada yenye kumfuta mwanamke katika daftari haifai kuvishwa kanzu ya dini.

Katika kisa hiki twapata mafunzo manne. Kwanza, asikizwe mwenye kudhulumiwa kabla ya mwenye kusaidia kusema, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Pili, msaada ulio bora ni ilimu, wakili, nauli na mahali pa kukutania. Na atoaye mali asiifanye kuwa hatamu ya kukiongozea kikundi atakako yeye. Tatu, asaidiaye leo akachoka kesho huwaacha wenziwe njiani.

Nne, nalo ndilo zito kwetu, msaada huanza nyumbani. Haitufai kuwasifu wanawake wa Moroko hali dada zetu twawaambia wasamehe mafungu yao katika nyumba ya marehemu baba, ati nyumba ya wazee haigawanywi. Msamaha utolewao kwa haya na kwa khofu ya kukatwa udugu si msamaha wa radhi. Wakikusanyika wanawake wa mtaa uani kusoma mlango wa mirathi, na kutaka kumwendea Kadhi, tusiwacheke wala tusiwatangulie. Tuwafundishe wanaloliuliza, tuwalipie wasichokiweza, kisha tusimame nyuma yao wakati wanaposema.

Basi kila mmoja wetu na aanze kwa kujiuliza: katika nyumba niikaayo, limo fungu la nani?

Wabillahi tawfiq.